Saa 400 tu? Uliza na miaka

Haya wasomaji, leo tuweke kompyuta kando kidogo. Jamaa niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anajifunza urubani pale Wilson, alinipigia simu nikiwa hapa Machakos. Yeye na wenzake wawili wanataka kununua Cessna 172 iliyotumika. Muuzaji kawaambia injini ilishafumuliwa na kuundwa upya, na tangu hapo imefanya kazi saa 400 tu. "Wewe mtu wa data," akaniuliza, "hiyo namba ina maana gani?"

Basi nikaanza kuchimba historia.

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, akaanza na Gipsy Moth. Mwaka huohuo, kule Uingereza, kampuni ya de Havilland ilimaliza jaribio moja la ajabu. Walitia lakiri injini ya Gipsy, wakairusha saa 600 kwa huduma za kawaida tu, kisha wakaifungua. Vipuri vya kubadilisha viligharimu pauni 7 na ushei! Watu wakaona kwamba uhai wa injini unaweza kupimwa kwa saa.

Lakini saa ni nusu ya habari. Lycoming, watengenezaji wa injini ya O-320 inayopatikana kwenye Cessna 172 nyingi, wanapendekeza ifumuliwe baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kwa nini miaka? Injini isiyoruka hupata kutu. Kemshafti ya Lycoming iko juu, kwa hiyo ndege ikikaa, oili huchuruzika yote chini na chuma hubaki kikavu. Saa chache zaweza kuwa dalili mbaya.

Tena, kwa gari logbook ni hati ya umiliki. Kwa ndege ni kumbukumbu ya kazi, na injini ina ya kwake, maana yaweza kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Ni kama historia ya msimbo: kila badiliko lina tarehe na sahihi ya aliyelifanya. Soma humo vipuri gani vilibadilishwa, vipimo vilikuwa vya injini mpya au vya ukomo wa matumizi, na kama propela iliwahi kugonga chini. Pia, kwa sheria za Marekani, zinakotoka Cessna nyingi, kufumua hakurudishi saa kuwa sifuri. Anayeweza kufanya hivyo ni kiwanda chenyewe au wakala wake aliyeidhinishwa, akiiunda injini upya.

Juzi jamaa kanipigia tena. Saa 400 ni za kweli. Ila injini ilifumuliwa mwaka 2004, na kuna miaka miwili mizima haina hata mstari mmoja.

Nimemshauri apange bei kana kwamba injini imemaliza muda wake, kwani kuifumua ni mamilioni ya shilingi. Na kabla ya kulipa, fundi asiye wa muuzaji aifungue na kuitazama kemshafti. Gari likizima Mombasa Road utasogea kando. Kule juu hakuna kando.

Tuonane wiki ijayo.