Ulinganifu wa Kanga na Jicho la Mtazamaji

Kanga huchorwa ikiwa imetandazwa, lakini huvaliwa ikiwa imekunjwa. Katika vibaraza vya Mwananyamala, Kinondoni, au sokoni Tandika, Temeke, huonekana imezungushwa kiunoni au imetupwa begani. Pindo moja limejificha na nusu ya mji imelala upande. Hata hivyo mpita njia hutambua mara moja kwamba pande zake mbili zinawiana. Ulinganifu huo jicho halijapewa. Umetoka wapi?

Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba katika karne ya 19 wanawake walishona leso sita za mraba, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja. Baadaye nguo ikachapwa nzima: pindo pande zote nne, na mji katikati. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, mashuhuri kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa, nayo nembo ya "Mali ya Abdulla" ikaenea. Mwanzoni mwa karne ya 20 likaongezwa jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa China huko Ubungo, ambako kwa miaka mingi kulihesabiwa ndani ya Kinondoni. Na Mbagala, Temeke, nako kanga zikachapwa. Mitambo ilibadilika, ila mpango wa nguo ukabaki: kulia humjibu kushoto. Jina peke yake ndilo lisilokubali kioo, kwani maandishi yakipinduliwa hayasomeki.

Mwaka 1886, mmoja tu kabla ya duka la Abdulla, mwanafizikia Ernst Mach alichapisha kitabu kuhusu hisia za binadamu. Humo alieleza kwamba jicho huona upesi zaidi ulinganifu ambao mhimili wake umesimama wima. Mwaka 2005 wataalamu waliopima ubongo kwa mashine walionyesha kwamba sehemu ya kisogoni inayopokea picha kwanza haishtushwi sana na ulinganifu. Zinazoitikia ni sehemu za mbele yake, zinazounganisha vipande kuwa umbo.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ndio unaoikaribia zaidi kanga iliyovaliwa. Watu walionyeshwa michoro ya nukta, mingine imewakabili, mingine imeinamishwa nyuzi 50. Waliotakiwa kutaja rangi, ubongo wao uliitikia kwa unyonge ulinganifu ulioinama. Waliotakiwa kuutafuta mpangilio wenyewe, ubongo wao uliunyoosha mchoro: mwitikio, ulioanza baada ya takriban sehemu tatu za kumi za sekunde, ulikaribiana kwa michoro yote.

Wapenzi wa ushairi hawatalistaajabia hilo. Mshororo wa mizani 16 hugawanyika ukwapi na utao, nane kwa nane, na hata mghani akiivuta sauti mpaka vipande vipishane kwa urefu, sikio lililozoea husikia mizani yake.

Wako wanaoisifu kanga kwa rangi zake tu, wakadhani wameimaliza. Rangi haihitaji kutafutwa; hujileta yenyewe. Mizani ya nguo iliyokunjwa humfikia anayeitafuta, na bibi wa Temeke anayekagua doti mbele ya muuzaji, akilinganisha pindo na pindo kabla ya kutoa fedha, amekuwa akiitafuta siku zote.