Mlango wa Uani wa Nyumba ya Kamari

Serikali iliyoharimisha kamari ina kazi moja, nayo ni kukataza. Serikali iliyoihalalisha imejitwika kazi mbili: kumjua mwenye nyumba ya kamari, na kuwajua wote wafanyao biashara naye. Kazi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Historia ya majimbo mawili ya Marekani, Nevada na New Jersey, yatuonyesha jinsi somo hili lilivyopatikana.

Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, katika miaka ya dhiki ya uchumi. Hapo mwanzo leseni ilikuwa hasa njia ya kupata ada, na serikali ya jimbo yenyewe haikuanza kuzitoa ila mwaka 1945. Kwa mwanya huo fedha za wahalifu ziliingia Las Vegas, na uchunguzi wa Seneta Estes Kefauver wa 1950 na 1951 uliyaweka mambo hayo hadharani. Jimbo liliunda Bodi ya kusimamia kamari mwaka 1955 na Tume mwaka 1959. Mwaka 1960 ikatolewa orodha ya watu 11 wasioruhusiwa kukanyaga nyumba hizo. Mmoja wao alikuwa Sam Giancana wa Chicago. Mwaka 1963 mwimbaji Frank Sinatra alishtakiwa mbele ya wasimamizi kwa kumkaribisha Giancana katika hoteli ya Cal-Neva. Akaiachia leseni yake. Sifa za jina lake hazikumkinga.

New Jersey ilikuja nyuma, ikafaidika kwa kutazama. Wapiga kura waliruhusu kamari katika mji wa Atlantic City mwaka 1976, na sheria ikatungwa mwaka 1977. Watunga sheria walitambua ya kuwa mhalifu aliyefukuzwa mlango wa mbele aweza kurudi kwa mlango wa uani, amechukua nyama, mashuka yaliyofuliwa au gari la taka, akadai bei maradufu. Katika daftari yaonekana malipo. Kwa hakika ni kodi ya siri. Kwa hiyo waliofanya biashara ya mfululizo na nyumba hizo waliwekwa chini ya uchunguzi, na kila mkataba ulihesabiwa kuwa na sharti kwamba Tume ikiukataa, mwenye leseni aweza kuuvunja pasipo kudaiwa fidia.

Je, ni haki dobi asiyeshika dadu maishani mwake ahojiwe kama mcheza kamari? Swali hili lilikuwa zito zaidi lilipowafikia viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwani wafanyakazi wana haki ya kujichagulia wasemaji wao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji wanne kwa watatu, kwamba sheria ya taifa ya kazi haikulizuia jimbo kuwawekea viongozi hao masharti ya sifa.

Wingi huo mdogo wafaa kukumbukwa. Leseni ni idhini, na atoaye idhini aweza kuiwekea mipaka. Lakini mipaka hiyo humwangukia pia mtu ambaye hakuomba ila kuuza sabuni yake. Basi ukali wa sheria hauna budi kufuatana na ushahidi. Uzio usiobagua mwizi na dobi haulindi nyumba. Wawanyima watu riziki.