Geji ya Trimu Ikigoma: Mshale Mdogo Uliorithi Macho ya Nahodha

BOTI inang'aa, muziki unapiga, abiria wanajipiga selfie pale omo, lakini nahodha amekunja sura. Anabonyeza kitufe cha kunyanyua injini, mshale wa geji umelala palepale. Anabonyeza cha kushusha, hautikisiki. Anaitwa fundi, anatupa jicho mara moja tu na kusema: "Geji imekufa hiyo, leta mpya." Mpya inanunuliwa, inafungwa, na mshale bado umelala fofofo. Pesa imekwenda na maji.

Kisa hiki kinajirudia sana kwenye boti za mashine za kupachika. Wanaolizwa ni wale wanaoichukulia geji ya trimu kama pambo la dashibodi. Kumbe kile kidude kina historia yake, na anayeijua historia hiyo anajua pia pa kuanzia kutafuta ubovu.

Enzi za "sogeeni mbele!"

Kabla ya injini, kukisawazisha chombo ilikuwa kazi ya watu na mizigo. Tezi ikizama mno, magunia yanahamishiwa mbele. Omo ikiinama, watu wanarudi nyuma. Mpaka leo, ukipanda boti ndogo ya abiria utasikia nahodha akipaza sauti, "Jamani, wawili wasogee mbele!" Hiyo ndiyo trimu yenyewe, ile ya kienyeji, na geji yake ni macho ya nahodha.

Mashine ya kupachika ikaleta njia nyingine: badala ya kuhamisha watu, unabadilisha pembe ya injini. Mguu wa injini ukisukumwa ndani, karibu na boti, omo inashuka, na chombo kinapanda juu ya maji haraka wakati wa kuondoka. Kikishapanda, injini inanyanyuliwa kidogo, omo inainuka, sehemu ndogo tu ya boti inagusa maji. Hapo mwendo unaongezeka na mafuta yanatumika kidogo.

Ila ukizidisha, balaa. Injini ikiwa juu mno, boti inadundadunda kama mpira, propela inavuta hewa, mngurumo unapanda lakini mwendo hakuna. Tundu la kuvutia maji ya kupozea likitoka nje ya maji, injini inachemka. Ikiwa chini mno wakati wa mwendo kasi, omo inachimba maji, usukani unakuwa mgumu, na boti inaweza kugeuka ghafla upande ambao nahodha hakuutaka. Kwa hiyo si suala la urembo. Ni usalama wa waliomo.

Ilianza na aiskrimu

Simulizi maarufu inampeleka msomaji Marekani, jimbo la Wisconsin, mwaka 1906. Kijana mmoja fundi mitambo, mzaliwa wa Norway, alikuwa matembezini kisiwani kwenye ziwa Okauchee pamoja na mpenzi wake. Siku ile jua lilikuwa kali, na bibie akatamani aiskrimu. Jamaa akapiga makasia hadi ng'ambo, akanunua, akarudi akitoka jasho, na aiskrimu ikawa imeyeyuka. Ndipo akajiuliza kwa nini mtu ateseke na makasia wakati injini zipo.

Jamaa huyo ni Ole Evinrude, na bibie ni Bess, aliyekuja kuwa mkewe. Ole hakuwa wa kwanza kwa wazo hilo. Mmarekani mwenzake, Cameron Waterman, alishaijaribu mashine ya aina hiyo mwaka 1905. Lakini ya Ole, iliyoingia sokoni mwaka 1909 ikiwa na nguvu ya farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi, ndiyo iliyoteka watu. Na hapa apewe maua yake Bess: ndiye aliyeendesha biashara na kuandika tangazo lililowaambia watu waachane na makasia. Jina la Evinrude likadumu kwenye mashine za boti zaidi ya miaka 100, mpaka utengenezaji wake uliposimamishwa mwaka 2020.

Kwenye mashine za enzi hizo hapakuwa na geji ya trimu, na hakuna aliyeihitaji. Mwendeshaji alikaa tezini, mkono kwenye mpini wa injini. Pembe ilipangwa kwa mkono kwenye kishikizo kilichofungwa nyuma ya boti. Ukitaka kujua injini imekaaje, unageuza shingo tu.

Nahodha alipoipa injini mgongo

Injini zikakua. Nguvu za farasi zikawa makumi, kisha mamia. Mtu hawezi tena kuishika mashine kubwa kwa mpini, hivyo usukani ukasogezwa mbele, na nahodha akakaa kwenye kiti kizuri akiwa ameipa injini mgongo. Kufikia miaka ya 1970 mitambo ya kunyanyua injini kwa pampu ya mafuta na mota ya umeme ilikuwa imeshaingia sokoni. Kitufe kimoja tu, injini inapanda yenyewe.

Raha, lakini tatizo likazaliwa: nahodha haoni tena injini imesimama pembe gani. Akahitaji mpambe wa kumletea habari kutoka tezi.

Mpambe huyo ni sensa ndogo iliyofungwa kwenye kishikizo cha injini. Injini ikipanda au kushuka, sensa inazunguka nayo, na ukinzani wake wa umeme unabadilika. Waya unapeleka habari hiyo mbele, na mshale unacheza. Anayestahili kushukuriwa kwa hesabu hiyo ni mwalimu wa Kijerumani, Georg Ohm, aliyechapisha mwaka 1827 kanuni inayounganisha volti, mkondo na ukinzani. Mwanzoni wengi walimbeza. Leo jina lake ndilo kipimo cha ukinzani, omu, na kila fundi anayeshika mita analitumia.

Kumkamata mwongo

Hapa sasa ndipo historia inapomlipa fundi. Mnyororo una vipande vitatu: sensa kule tezi, waya katikati, geji kule mbele. Mmoja kati yao ndiye anayedanganya, na kununua kitu kipya kabla ya kumjua ni kucheza kamari.

Hatua ya kwanza ni kurudi enzi za Ole: geuza shingo, tazama injini kwa macho. Bonyeza kitufe. Kama injini yenyewe haipandi wala haishuki, kesi si ya geji. Hapo wa kuhojiwa ni pampu, mafuta yake, mota au swichi. Kama injini inapanda vizuri na mshale ndio umelala, endelea.

Hatua ya pili, angalia majirani. Geji nyingine nazo zimezima? Basi shuku fyuzi au waya wa hasi wanaotumia pamoja. Kama ni trimu peke yake, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha pima nyuma ya geji. Kati ya waya wa kuleta umeme na wa hasi panapaswa kuwa na volti 12 hivi. Hakuna umeme? Usiilaumu geji, mwenye njaa hafanyi kazi.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo ingemwokoa yule nahodha. Kwa geji za mshale, chomoa waya unaotoka kwenye sensa. Mshale unapaswa kukimbilia mwisho mmoja. Kisha gusisha kwa sekunde moja ile sehemu ya sensa kwenye hasi. Mshale unapaswa kukimbilia mwisho wa pili. Ukikimbia huku na huku, geji ni nzima. Angalizo: ni ile sehemu ya sensa tu inayoguswa, kamwe si waya wa kuleta umeme, maana hapo fyuzi itaungua.

Hatua ya nne, nenda tezi. Kabla ya kuingiza mkono kwenye kishikizo, zima kila kitu, toa ufunguo, na uifunge injini iliyonyanyuliwa kwa kishikilio chake. Injini ikishuka juu ya mkono, hakuna mjadala. Chomoa soketi ya sensa, toa mkono, kisha weka mita kwenye omu huku mwenzako akiipandisha injini taratibu. Namba inapaswa kubadilika kwa ulaini, pamoja na pembe. Ikiruka-ruka, ikiganda sehemu moja au isiposoma kabisa, sensa imekufa. Na ukinunua nyingine, hakikisha kipimo chake cha omu kinalingana na geji yako kama kitabu cha injini kinavyoelekeza. Si kila sensa inaelewana na kila geji.

Kuna kesi nyingine nyepesi: mshale unatembea, ila unadanganya kidogo. Injini iko chini kabisa, geji inasema iko katikati. Huenda sensa imesogea tu. Kwenye nyingi unalegeza skrubu zake, unaizungusha mpaka mshale ukae chini panapostahili, unakaza. Kwenye mashine za kisasa zenye skrini, marekebisho hayo hufanyika kwenye menyu.

Marejeo ni ngamani

Geji nzima, sensa nzima, mshale bado umelala? Wahenga wa pwani walishasema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari hii methali inakwenda neno kwa neno. Umeshapima omo, umeshapima tezi, kilichobaki ni waya unaopita chini ya sakafu, kulekule ngamani ambako maji ya chumvi hutuama. Fungua viungio vyake. Ule ukungu wa kijani kwenye shaba ndio mwizi wa habari. Safisha, kata palipooza, unga upya, ziba maji yasiingie.

Wakati huo huo, kuna wavuvi wengi wa pwani na wa Ziwa Viktoria ambao mpaka leo wamekaa tezini, mkono kwenye mpini, injini mbele ya macho yao. Hawana geji ya trimu, na hakuna wa kuwadanganya. Mwenye dashibodi ya kisasa anaweza kuazima kitu kimoja kutoka kwao: kabla ya kuuamini mshale au kumlipa fundi, ageuke nyuma kwanza akaitazame injini.