Kiu ya Sauti Safi: Kutoka Gramafoni hadi Spika Sita za Junju

Mwaka 1928 ulileta mambo mawili ambayo baadaye yalikuja kukutana katika masikio ya watu wa Pwani. Nairobi, utangazaji wa redio ulianza, kwa Kiingereza, ukiwalenga walowezi. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mjini Bombay, Siti binti Saad wa Unguja aliimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV, na sauti yake ikarejea Afrika Mashariki ikiwa kwenye santuri. Redio ile haikuwa na lolote la kumwambia Mpwani. Santuri ilikuwa nalo, tena kwa lugha yake.

Gramafoni za wakati huo hazikuhitaji umeme. Mtu alizungusha mkono wa mashine, akatua sindano ya chuma juu ya santuri, akapata wimbo wa dakika tatu hivi kabla ya kugeuza upande wa pili. Sindano ilichakaa upesi, na isipobadilishwa ilikwaruza santuri yenyewe. Besi haikuwepo ya kutajwa. Hata hivyo wenye gramafoni hawakukosa wageni, kwa sababu kilichofuatwa kilikuwa maneno. Taarab ni ushairi kabla ya kuwa muziki. Msikilizaji akikosa mstari mmoja, fumbo zima limempita, na hajui ni nani aliyerushiwa kijembe. Kipimo cha kwanza cha sauti nzuri katika Pwani, basi, kilikuwa hiki: maneno yanasikika au hayasikiki?

Baadaye Mombasa ilipata kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita. Kwa wakaazi wa vijiji vilivyo kati ya Mombasa na mji wa Kilifi, kikiwemo Junju, kuwepo kwa kituo hakukuwa sawa na kukisikia. Redio za valvu zilikuwa ghali na zilikula moto mwingi. Mlango ulifunguliwa na transista, iliyofanya redio iwe ndogo na iendeshwe kwa mawe machache. Mwaka 1967 kiwanda cha Eveready kilijengwa Nakuru, na betri zenye picha ya paka zikafika hadi maduka ya vijijini. Mawe yalipoanza kufa, watu waliyaanika juani ili yapate uhai kidogo, yatoshe taarifa ya habari na wimbo mmoja au mbili za salamu.

Hiyo ndiyo miaka ambayo muziki wa Pwani ulirekodiwa kwa wingi. Duka la Assanand mjini Mombasa lilitoa santuri kwa nembo ya Mzuri, ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Matano Juma walisikika majumbani kwa njia hiyo. Kisha ikaja kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilijenga biashara nzima ya kurekodi na kuuza kaseti za taarab, na aliyekosa kununua alinakili ya jirani. Hapo palikuwa na hasara. Kila nakala ya nakala ilipoteza sauti za juu na kuongeza mvumo, mpaka herufi za s na sh zikafanana. Mpenzi wa taarab aliyelipa zaidi kwa kaseti ya kwanza kutoka dukani hakuwa akijionyesha. Alikuwa akinunua maneno.

Tusisahau kwamba Junju ina masikio ya aina mbili. Huko ni kwa Wachonyi na Wagiriama, na ngoma ya Kimijikenda haikupigwa ili mtu akae kimya chumbani. Ilipigwa uwanjani, watu wakiizunguka, ngoma kubwa ikipenya kifuani na kayamba zikijibu kutoka upande mwingine. Anayecheza ndani ya duara husikia sauti kutoka mbele, nyuma na pembeni. Bango, muziki ambao Mzee Ngala wa Freretown aliufanya ujulikane, ulirithi mahitaji yote mawili: maneno yaliyo wazi na besi ya kuinua mguu. Spika moja ndogo ya redio haikuweza kuyatimiza.

Kilichokwamisha watu kilikuwa ukosefu wa umeme. Katika miaka ya 1990 televisheni za Great Wall, zenye picha nyeusi na nyeupe, ziliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ilipoisha ilibebwa hadi sentani kuchajiwa. Kwa moto wa namna hiyo hakuna aliyefikiria amplifaya kubwa. Mwaka 2015 serikali ilizindua mpango wa Last Mile, ulioshusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nguzo zilipofika, kifaa kilichofuata taa na televisheni katika nyumba nyingi kilikuwa cha muziki.

Kufikia wakati huo dunia ilikuwa tayari na kitu cha kuwauzia. DVD ilikuwa imeingia sokoni Japani mwaka 1996, ikibeba sauti katika njia sita: spika tatu mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na sabufa ya besi. Huo ndio mfumo unaoandikwa 5.1 kwenye boksi. Kanuni ya kimataifa ya kuupanga inataka spika za mbele kushoto na kulia zikae nyuzi 30 kutoka katikati, na zile mbili za nyuma nyuzi 110, zote kwa umbali mmoja kutoka kwa msikilizaji.

Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye makochi, kabati na mlango unaofunguka ndani, hakiwezi kuitii kanuni hiyo. Nyaya nazo ni fupi. Matokeo yake spika zote tano hupangwa ukuta mmoja kandokando ya televisheni, au mbili hutolewa barazani ili waliokaa nje nao wapate. Nyumba yenyewe pia ina usemi. Makuti na udongo havirudishi mwangwi sana. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta hurudisha, na maneno hugongana. Besi haisikii amri ya ukuta hata kidogo: sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa zaidi ya mita nane, kubwa kuliko chumba chenyewe, hivyo jirani hupata sehemu yake bila kuomba. Sabufa hiyohiyo, ikikodishwa na kupelekwa matangani usiku, ndiyo iliyolea disko matanga ambazo viongozi wa Kilifi wamezipiga marufuku mara nyingi.

Mnunuzi hakusaidiwa na matangazo. Homu thieta za bei nafuu huandikwa maelfu ya wati za PMPO, hesabu isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika. Nguvu ya kweli, ile ya RMS, huwa sehemu ndogo tu ya tarakimu hiyo, na si kila boksi huionyesha. Ndiyo maana mafundi wengi na wasikilizaji makini wamegeukia vyombo vya "ex-UK": amplifaya na spika zilizotumika Uingereza, nzito, za miaka ya nyuma, zinazoweza kufunguliwa na kutengenezwa. Ndani ya mfumo wa spika sita, wao huijali zaidi ile ya katikati, kwa kuwa kwenye filamu ndiyo inayobeba mazungumzo.

Pengo lililobaki ni la nyimbo zenyewe. Diski ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa MP3 unaotiwa kwenye flashi kwa shilingi chache mara nyingi hubeba 128, na pengine ulinakiliwa kutoka kaseti iliyochoka. Mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Paris ilitoa, katika mfululizo wa Zanzibara, CD ya taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 iliyotokana na rekodi za Mzuri. Humo sauti inapumua na kila silabi inashikika. Vyombo vya kuipokea sauti ya namna hiyo sasa vimo katika nyumba za Junju. Hazina kama hiyo inahitaji kusafishwa na kutolewa hapa nyumbani, kwa bei ambayo mchonga mawe au mfanyakazi wa shamba la katani Vipingo anaimudu, kabla kanda zilizobaki hazijaliwa na unyevu wa Pwani.