Balagha na Amri

Neno balagha limetufikia kutoka Kiarabu, na wengi wetu tulikutana nalo mara ya kwanza darasani katika msemo "swali la balagha", yaani swali ambalo mwenye kuuliza hatarajii kujibiwa. Kwa hiyo tumelizoea kama jina la pambo: tashbihi hapa, takriri pale, na methali ya kufungia. Nimefundisha uandishi wa insha kwa miaka mingi, nami nimeona wanafunzi wakizipamba insha zao kama bibi harusi, lakini msomaji anapofika mwisho hajui ameombwa akubali nini.

Wayunani wa kale hawakuishia kwenye pambo. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliieleza elimu hii kuwa ni uwezo wa kuona, katika kila jambo, njia zilizopo za kushawishi. Njia hizo alizitaja kuwa tatu: tabia ya msemaji inayomfanya aaminike, hali ya moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Ukizitazama vizuri utaona kuwa zote tatu zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba msikilizaji anaweza kukataa. Asiyeweza kukataa hashawishiwi, huamriwa. Mfano ninaoufahamu vyema wa jambo hili, ndugu msomaji, ni wa Mwalimu Julius Nyerere.

Mwalimu aliijua balagha kutoka ndani. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiini cha tamthilia hiyo ni hotuba mbili juu ya maiti moja. Brutus anatoa sababu za kuua, na watu wanamkubali. Kisha anapanda Antony, anamsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, na kila anapoirudia sifa hiyo inazidi kugeuka shutuma. Umati ule ule unaondoka ukienda kuchoma nyumba, na njiani unamuua mshairi asiye na hatia kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Aliyeifasiri kazi hiyo mstari kwa mstari hakuhitaji kuambiwa hatari ya maneno.

Yeye mwenyewe alichagua njia ya kueleza. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lina hoja inayokwenda hatua kwa hatua: nchi ni maskini na fedha haina, mikopo na misaada ya nje haitoshi, na hata ingetosha ingepunguza uhuru wetu, tulicho nacho ni watu na ardhi, basi tuanzie hapo. Msemaji naye alikuwa amejiandaa kuaminika, kwani Oktoba 1966 alikuwa amepunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Septemba 1967 ukafuata waraka wa Ujamaa Vijijini, uliosisitiza kuwa watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa, bali waelezwe mpaka waridhike. Oktoba 1968 akaandika tena juu ya uhuru na maendeleo, akishikilia kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza.

Lakini kushawishi kuna mwendo wake, nao ni wa polepole. Hadi mwaka 1973 wakulima wengi walikuwa bado wanaishi kwenye mashamba yao yaliyotawanyika. Novemba mwaka huo Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike mwaka 1976. Ikaja Operesheni Vijiji. Malori yalibeba watu na vyombo vyao, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Waliohamishwa ni mamilioni.

Sisemi kwamba vijiji havikuleta kitu; shule na zahanati zilisogea karibu na watu. Ninachosema ni kwamba msamiati ulibaki ule ule, maendeleo, ujamaa, kujitegemea, lakini aliyeambiwa hakuwa tena na nafasi ya kusema hapana. Tangu hapo maneno yale, hata yaliposemwa kwa ufasaha mkubwa, hayakuwa na kazi ya kufanya. Lori lilikwisha kuifanya.

Ajabu ni kwamba miaka mitano baadaye, pale ambapo amri ingetosha, Mwalimu alishawishi. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Amiri Jeshi Mkuu angeweza kuamuru tu. Badala yake, mwanzoni mwa Novemba alilieleza taifa kwa nini tupigane, kwa kutumia maneno matatu ambayo watu wa rika langu hawajayasahau: sababu, uwezo na nia. Hapakuwa na pambo lolote. Kila neno lilijibu swali ambalo msikilizaji alikuwa nalo moyoni: Je, tuna haki? Je, tutaweza? Je, tumekusudia kweli? Aprili 1979 Kampala ilitekwa.

Kwa mtu huyo mmoja nimejifunza kuhusu uandishi kuliko nilivyojifunza katika orodha za tamathali. Siku hizi, kabla ya kuwafundisha wanafunzi tashbihi, huwataka wamfikirie msomaji aliyekunja mikono, asiyewadai chochote wala kuwaogopa. Huyo anauliza nini? Atakataa kwa sababu gani? Mwandishi akimjibu huyo kwa haki, pambo litakuja lenyewe pale linapohitajika. Akimpuuza kwa kuwa ana cheo, au kwa kuwa msomaji hana pa kwenda, ataandika tangazo, na tangazo husomwa na watu wasiolikubali.