Uraia wa Waliorudi: Hatua ya Mwisho Iko Wapi?



Mu mkutano mmoja hapa Musonoi, mama mmoja aliuliza: «Mutoto wangu nilimuzalia Angola. Atakuwa Mukongomani lini?» Watu wote walinyamaza. Jibu ni fupi, lakini liko na historia ndefu. Njo maana tunaiandika.

Kazi ya shaba ilifanywa na watu waliotoka mbali. Union Minière ilitafuta wafanyakazi ku Kasai, ku Ruanda-Urundi na hata Rhodesia ya Kaskazini. Wakati ule walitafuta paka nguvu ya mikono. Kisha uhuru, sheria ikaanza kuuliza: bankambo yako walikuwa wapi? Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilisema Mukongomani ni yule ambaye mmoja wa bankambo yake alikuwa wa kabila lililokaa inchini mbele ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1981 ikarudisha tarehe nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004 ikaileta ku siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Mutu hakuhama nyumba yake, lakini sheria ilikuwa inahamisha mpaka mbele ya mulango wake.

Kisha vita vya Shaba. Mwaka wa 1977, na tena Mei 1978 wakati vita vilifika Kolwezi yenyewe, ndugu wengi walikimbia Angola na Zambia. Watoto walizaliwa kule, wakasoma Kireno ao Kiingereza, na walipofika hapa waliitwa wageni.

Sheria ya 2004 inasema wazi: mutoto ambaye baba ao mama yake ni Mukongomani, naye ni Mukongomani tangu kuzaliwa. Basi, mama, mutoto wako haombi kupewa uraia. Uko naye tayari. Anatafuta paka ushahidi: karatasi ya kuzaliwa, na majina ya wazazi yaliyoandikwa vizuri.

Kwa wale waliochukua uraia wa inchi ingine, habari ni tofauti. Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Anayechukua mwingine anapoteza huu. Mukongomani wa asili anaweza kuurudisha kwa kuandikia Waziri wa Sheria tangazo lenye sahihi iliyothibitishwa.

Mugeni kabisa, yeye anaomba: awe amekaa inchini miaka 7, aache uraia wake wa zamani, na ajue moja ya luga za Kongo. Kiswahili chetu cha mu kampi kinatosha! Ruhusa yenyewe inatoka Kinshasa.

Kwa sisi wote, hatua ya mwisho ni moja: cheti cha uraia kinachotolewa na Waziri wa Sheria. Karte d'électeur tunaitembeza kila siku, lakini siku mutu atakapokuuliza «wewe ni wa wapi?», cheti njo kinajibu.

Marafiki, Kinshasa ni mbali na Musonoi, na kila karatasi iko na bei yake. Mchango wenu unasaidia safari hiyo. Wanachama, musingojee: leteni karatasi za watoto sasa, wakati wazee wanaojua majina wangali hai.