Askari Mjanja na Mkubwa Wake

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walipenda sana sinema zilizosifu majeshi yao. Askari wa sinema hizo alikuwa mtiifu, jasiri na mchache wa maneno. Mwaka 1956 ikatokea picha iitwayo Private's Progress, nayo ilionyesha askari wa namna nyingine kabisa.

Kijana Stanley Windrush anaitwa jeshini kutoka chuo kikuu. Ushupavu wa kijeshi hanao, na majaribio ya kuwa ofisa yanamshinda. Ndipo anapoangukia mikononi mwa Cox, askari asiye na cheo ambaye riziki yake ni hila. Cox, aliyechezwa na Richard Attenborough, humfunza kukwepa kazi na kupanda gari moshi bila ya tikiti. Meja wao huwafokea kwa uvivu. Kisha yeye mwenyewe hunyemelea mjini kutazama sinema ya ushujaa wa vita, na humo ndani akawakuta askari wake wamejaa tele!

Lakini mwizi mkubwa si Cox. Mjomba wake Stanley ni brigedia, naye anaunda kikosi cha kuingia Ujerumani kwa mavazi ya Kijerumani, kikachukue vitu vya sanaa vilivyoporwa na adui. Kwa jina ni kazi ya taifa. Kwa kweli anataka kuviuza kwa faida yake. Stanley, ambaye jeshi limekwisha kumsomesha Kijapani, anachukuliwa katika safari hiyo ya Ujerumani.

Waliotengeneza picha hii, mapacha John na Roy Boulting, hawakuwa wageni wa vita. Roy ndiye aliyeongoza Desert Victory ya mwaka 1943, iliyosifu ushindi wa El Alamein. Safari hii waliandika mwanzoni kwamba hakuna mkubwa yeyote wa kushukuriwa kwa msaada. Watazamaji walicheka mno, wala si ajabu: siku zile kila kijana mwanamume wa Uingereza mwenye afya alilazimika kutumikia jeshi miaka miwili, na baadhi yao waliletwa hata hapa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Walimjua Cox, na yamkini walimjua brigedia pia.

Mwaka 1959 ndugu hao walimrudisha Stanley, sasa kiwandani, katika I'm All Right Jack. Cox na brigedia walikuwamo, wakiendelea na biashara yao.